Kinoa ya mlimani: iive nyumbani, kambini iamshwe tu

Swali: Shikamoo mzee. Mimi na wenzangu wawili tunatoka Arusha kwenda Mlima Kenya, siku tano, tunapandia njia ya Sirimon na kushukia njia ya Chogoria. Kiongozi tunaye, lakini chakula na vyombo tunabeba wenyewe mgongoni. Mwenzetu mmoja ngano inamdhuru tumbo, ndiyo maana tukanunua kinoa, zile punje ndogondogo zinazopikwa kama wali, kilo mbili. Mwezi uliopita tuliijaribu kwenye matembezi ya siku mbili: ikatoka chungu, katikati bado ngumu, na mtungi mdogo wa gesi ukaisha kabla ya chai ya asubuhi. Tulikosea wapi? Na je, ni kweli kwamba mtu anaweza kuiloweka huku anatembea?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nimefurahi umeuliza kabla ya safari, maana watu wengi huuliza wakiwa wameshashuka na njaa zao. Hayo matatu yaliyokupata, uchungu, ugumu na gesi kuisha, yana dawa moja kubwa: kazi ya kuipika kinoa ifanyike jikoni kwako Arusha, na mlimani iwe kazi ya kuiamsha tu. Lakini nitakueleza kila moja lilitoka wapi, ili siku mambo yakigeuka uwe na akili ya kujisaidia.

Tuanze na uchungu. Punje ya kinoa imevikwa dutu iitwayo saponini, inayotoa povu kama sabuni na kuuma ulimini. Mmea wenyewe unajilinda nayo dhidi ya ndege na wadudu. Pakiti nyingi za dukani huandikwa kwamba imeoshwa, na nyingi zimeoshwa kweli, lakini si zote kwa kiwango kimoja. Mara yangu ya kwanza kuipika ilikuwa Kilimanjaro, kambi ya Shira, miaka mingi iliyopita. Wageni walikuja na mfuko wao, mimi nikaiona kama uwele, nikaitia kwenye maji yanayochemka bila kuiosha. Dakika tano hazikupita, povu jeupe likanyanyua mfuniko na kumwagika jikoni. Nikamwaga maji yale, nikaweka mengine, nikamwaga tena. Mgeni mmoja alikula vijiko viwili akaweka sahani chini. Alikuwa ametembea saa sita. Mpaka leo siisahau ile sahani, kwa sababu mlimani mtu akiacha chakula cha jioni, kesho yake utamwona kwenye mguu.

Basi ioshe nyumbani. Chukua bakuli kubwa, tia kinoa na maji ya baridi, sugua kwa viganja viwili kama unavyoosha mchele wenye vumbi, mwaga kwenye chekecheke yenye matundu madogo sana au kwenye kitambaa chepesi, maana punje ni ndogo na chekecheke ya chai ya kawaida wakati mwingine itaziachia. Rudia mpaka maji yasitoe povu hata ukiyapiga kwa mkono. Kisha onja punje mbili tatu mbichi, zitafune vizuri. Ulimi ukikaa kimya, umemaliza. Ukihisi kuchomachoma kidogo, rudia.

Nakuomba sana usiache kazi hii uende kuifanyia kijitoni kule juu. Saponini ni sumu kwa samaki, na mito ya Mlima Kenya ina samaki, trauti wamo humo, achilia mbali watu walioko chini wanaokunywa maji hayohayo. Likitokea la kutokea ukalazimika kuiosha kambini, chota maji, osha mbali, umwage kwenye udongo hatua sabini au zaidi kutoka kijitoni.

Sasa ugumu. Hapa watu hudhani walikosea vipimo vya maji, kumbe shida ni mlima wenyewe. Kadiri unavyopanda, kanieneo ya hewa hupungua, na maji huchemka yakiwa na joto dogo zaidi, takriban nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Arusha kwenyewe, penye mwinuko wa mita 1,400 hivi, maji huchemka karibu nyuzi 95. Kambi ya Old Moses, mita 3,300, ni karibu nyuzi 89. Shipton's, mita 4,200, ni nyuzi 86 tu. Sufuria inatokota mbele ya macho yako, mapovu makubwa, mvuke unapanda, lakini yale maji hayana joto unalolijua. Kuongeza moto hakusaidii kitu, maana maji yakishachemka hayapandi joto tena. Unachoongeza ni mvuke na bili ya gesi. Kinachobaki ni muda. Kinoa inayoiva kwa dakika 15 nyumbani, Shipton's nimeipika dakika 25, na siku ya upepo ikafika 30.

Hata hivyo usikate tamaa na kinoa yenyewe, kwa sababu imezaliwa kwenye nchi ya juu. Asili yake ni milima ya Andes, hasa maeneo ya Bolivia na Peru yanayozunguka Ziwa Titicaca, na ziwa hilo liko mita 3,812 juu ya bahari, yaani juu kuliko Old Moses. Wenyeji wa kule wameila kwa maelfu ya miaka na kuipika kwa maji hayohayo yasiyofika nyuzi 90. Inawezekana kwa sababu wanga wa kinoa huanza kulainika kwenye joto lililo chini ya nyuzi 70, kwa hiyo nyuzi 86 zinautosha, ila taratibu. Maharage ndiyo yatakayokugomea. Kupika maharage makavu Shipton's bila sufuria ya presha ni kuchoma gesi usiku kucha na bado ukayatafuna kama kokoto.

Na hapo ndipo ninapoona kinoa inastahili kubebwa. Nikwambie ukweli, kama hoja ni ngano peke yake, wali na ugali wa mahindi navyo havina ngano, na ni rahisi bei mara nyingi. Lakini wali unataka maharage pembeni, ugali unataka mboga. Gramu 100 za kinoa kavu zina protini kama gramu 14, wakati mchele mweupe una kama 7, na protini ya kinoa ina asidi amino zote tisa ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Nguvu ya chakula ni karibu sawa na mchele, kalori 368 kwa gramu 100. Kwa mtu anayehesabu kila gramu mgongoni, ni kama amebeba wali na maharage katika mfuko mmoja. Kinoa ni ndugu wa mchicha kwa ukoo wa mimea, wala si wa ngano.

Sasa namna ya kuipika nyumbani. Ukishaiosha, pima kikombe kimoja cha kinoa kwa vikombe viwili vya maji, chumvi kidogo, na usitie mafuta hata tone. Mafuta yakikaukia ndani ya chakula huchacha, siku ya tatu mfuko mzima unanuka. Ikichemka punguza moto, funika, iache dakika 15 mpaka 18, kisha zima na uiache imefunikwa dakika kumi nyingine. Itazame kwa karibu. Punje mbichi ina kitone cheupe katikati, kigumu. Iliyoiva huwa angavu, na pembeni yake kijimkia chembamba cheupe kimejikunjua kama kiuzi. Ukiona punje nyingi zimetoa mkia na hakuna kitone cheupe ndani, imeiva. Mkia bila kuangalia kitone utakudanganya, kwa sababu mara nyingine hutoka mapema kabla ya kati kulainika. Nadhani hilo ndilo lililowapata kwenye matembezi yenu.

Halafu ikaushe. Itandaze kwenye sinia pana, tabaka jembamba kabisa, punje zisipandane. Kama una ovena, iweke kwenye moto mdogo wa mwisho, karibu nyuzi 60, mlango uwe wazi kidogo mvuke utoke, uvuruge kila baada ya saa moja. Saa tano mpaka nane zinatosha. Huna ovena, jua la Arusha la msimu wa kiangazi linafanya kazi, ila anza asubuhi mapema, funika kwa neti ya nzi, na hakikisha inakauka siku hiyohiyo. Kinoa iliyoiva ikilala mbichimbichi usiku kucha huanza kuchachuka, na hiyo usiibebe. Ikikauka vizuri, ukiimwaga kwenye sinia inalia kama mchanga wa mtoni, na punje ukiiuma inakatika, haibonyei. Iache ipoe ndipo uifunge kwenye mifuko ya zipu. Kesho yake chungulia. Mfuko ukiwa na ukungu wa maji kwa ndani, rudisha sinia.

Mlimani utafanya hivi: chemsha maji, mimina kikombe kimoja na nusu kwa kila kikombe cha kinoa iliyokaushwa, koroga mara moja, rudisha sufuria motoni mpaka ichemke tena, zima. Funika, viringisha sufuria kwa kanga, kisha sweta au koti la manyoya juu yake, uiweke mahali pasipo upepo dakika 10 mpaka 15. Mama zetu wanaotumia kikapu cha kuivishia chakula wanaijua siri hii: joto ulilokwisha kulilipia usiliache liondoke. Ukifunua, punje zimenona, laini, na gesi umetumia ya kuchemshia maji tu. Kwa jiko dogo lenye kinga ya upepo, mimi hukisia gramu 10 mpaka 15 za gesi kwa kila lita ya maji. Kuitokosa kinoa mbichi dakika 25 kwa watu watatu kunakula mara mbili au tatu ya hapo. Mtungi wenu mdogo ulimalizwa na hiyo tofauti, na upepo kama hamkuukinga.

Nikiwa kwenye gesi, nikuonye kwa mambo mawili. Mitungi yenye butani tupu huzimika kwenye baridi, kwa sababu butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri, na Shipton's alfajiri panashuka chini ya hapo. Nunua yenye mchanganyiko wa isobutani na propani, na usiku mtungi ulale nawe ndani ya begi la kulalia. La pili, msipike ndani ya hema lililofungwa, hata baridi iwe kali vipi. Hewa ya sumu ya jiko haina harufu na haimwamshi aliyelala.

Kuhusu kuloweka ukitembea: ndiyo, inawezekana, na ni njia yangu ya akiba pale kinoa niliyonayo ni mbichi. Baada ya chakula cha mchana weka kinoa iliyooshwa kwenye chupa yenye mdomo mpana, tia maji safi yaifunike na kuzidi vidole viwili, funga barabara, ibebe. Baada ya saa tatu au nne za kutembea mwaga maji yale, weka mapya, na muda wa motoni utapungua. Usiloweke asubuhi ukaipika usiku kwenye siku ya jua kali, itaanza kuvunda. Na usidanganywe na wanaosema utailoweka kwa maji baridi tu uile hivyohivyo. Iliyopikwa ikakaushwa, sawa, hiyo hurudi hata kwa maji ya baridi ikipewa saa moja. Mbichi haiivi kwa kulowekwa, na tumbo lako litakwambia usiku wa manane.

Maji yenyewe nayo yana neno. Kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 maji ya kijito yachemke dakika tatu kamili kabla hujayaamini. Anayetokosa kinoa mbichi hana wasiwasi, imechemka muda mrefu kuliko hapo. Wewe wa kumimina na kufunika ndiye unayetakiwa kuangalia saa.

Sasa ladha, maana kinoa tupu inachosha kinywa, na ukiwa juu hamu ya chakula hupotea yenyewe. Kaanga vitunguu, nyanya na karoti, uchemshe mpaka uwe mchuzi mzito, uutandaze na kuukausha sawasawa na kinoa, uusage uwe unga. Hapa pia mafuta yawe ya kupaka sufuria tu. Dagaa wa Mwanza, toa vichwa, wakaange bila mafuta mpaka wakauke kabisa, uwatwange nusunusu. Kwenye mfuko wa kinoa ya jioni weka vijiko viwili vya unga wa nyanya, kimoja cha dagaa, bizari, tangawizi, chumvi. Samli ibebe kwenye kichupa chake, uitie mwishoni sufuria ikifunuliwa. Siku ya kwanza Old Moses mtafika mapema na hamu bado ipo, pikeni yenye dagaa. Shipton's, watu wakianza kuumwa kichwa, harufu ya dagaa huwafukuza. Huko tia unga wa tui la nazi na tangawizi, maji yazidi kidogo iwe kama uji mzito. Mtu aliyekataa chakula kikavu mara nyingi atameza kitu cha majimaji chenye chumvi.

Kuna chakula kimoja cha Andes ambacho ningetamani kila mpanda mlima wa huku akijue. Wanakiita pito. Kinoa huoshwa, hukaangwa kavu, husagwa unga, na msafiri hubeba unga huo mfukoni. Akiona njaa anaukoroga kwa maji, moto au baridi, anakunywa, anaendelea. Wana pia k'ispiña, vimkate vidogo vya unga wa kinoa vinavyopikwa kwa mvuke, navyo ni vya safari. Ukitazama vizuri, waliozaliwa na kinoa nao hawabebi mbichi njiani wakaanza kuhangaika na sufuria. Kazi ngumu huimaliza nyumbani. Bolivia, sehemu za karibu na uwanda wa chumvi wa Uyuni, hata uchungu walikuwa wakiuondoa kwa kuikaanga kidogo, kuikanyaga kwa miguu ndani ya jiwe lililochongwa shimo, kisha kuipepeta na kuiosha.

Tengeneza pito yako. Kinoa iliyooshwa ianike mpaka ikauke, kisha ikaange kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo, ukikoroga bila kuacha. Kwanza itanukia nyasi mbichi, halafu karanga, na punje zitaanza kurukaruka kama bisi ndogondogo. Ikigeuka rangi ya mchanga, toa. Ukingoja iwe kahawia imeshaungua. Isage kwa blenda au kinu cha nyumbani. Usiipeleke mashine ya mtaani, na hili nalisema kwa ajili ya yule mwenzenu: mashine inayosaga ngano hubakiza unga wa ngano kwenye mawe na kwenye mdomo wa kumwagia, na kidogo hicho kinatosha kumlaza. Hata chekecheke na sinia, kwake tumieni vilivyooshwa upya. Changanya unga ule na maziwa ya unga, sukari na iliki. Usiku wa kwenda kilele cha Lenana, mita 4,985, mtaamshwa saa nane au tisa za usiku na hakuna atakayetaka kuwasha jiko. Maji ya moto yakae kwenye chupa ya chai tangu jioni. Vijiko vitano vya pito kwenye kikombe, maji, koroga, kunyweni mkiwa mmekaa. Bakizeni maji ya kikombe cha pili pale juu mapambazuko yakifika.

Kwa hesabu, kila mtu apate gramu 80 za kinoa kavu jioni. Watatu ni gramu 240, na jioni tatu ni gramu 720. Jioni ya nne, mkiwa mmeshuka upande wa Chogoria, kuleni kitu kingine, wali au viazi, kinywa kipumzike. Pito ni gramu 40 kwa kila mtu kwa asubuhi nne, jumla gramu 480. Hapo mmetumia kilo moja na gramu 200. Gramu 800 zilizobaki msizibebe. Hizo ni za mazoezi nyumbani. Ikaushe, iamshe, mile wote watatu, jioni mbili tofauti, kabla ya safari. Kuna matumbo yanayojaa gesi na kuvimba yakikutana na kinoa mara ya kwanza kwa wingi, na ni heri ujue hilo ukiwa Arusha karibu na choo chako kuliko kwenye bonde la Mackinder kukiwa na mvua.

Kiporo msikiweke. Kinoa iliyopikwa, kama wali, ikikaa vuguvugu kwa saa kadhaa huzaa vijidudu ambavyo hata kupasha moto hakuondoi sumu yao. Baridi ya usiku wa Shipton's itawashawishi kuibakiza, na labda asubuhi itakuwa salama, lakini ikishaingia begini ukatembea nayo juani imeharibika. Pima inayoliwa ikaisha.

Ikiganda chini ya sufuria, usikwangue kwa kijiko cha chuma. Tia maji ya moto kidogo, funika, subiri, korogea tangawizi au chumvi humohumo unywe. Hicho ni chakula, na sufuria imesafika. Na iingizeni ndani kabla ya kulala, maana pimbi wa pale Shipton's wamewazoea watu kabisa, watakuja mpaka miguuni mwako na macho yao ya huruma. Msiwape. Majani yao yapo bondeni yanawatosha, na pimbi aliyezoea chakula cha sufuria hutoboa hema la mgeni anayekuja baada yenu.